Siku Ndege Iliposhindwa Kusoma Nguo Zetu

Sumbawanga,
Alhamisi, 14 Januari 1993.

Shangazi yangu Filomena,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo kisha nimekaa nikitazama karatasi, maana Mwalimu alitufundisha kwamba barua kwa mkubwa huanza na salamu, lakini hakutufundisha mkubwa akiwa kaburini aitikieje. Basi nimejiitikia mwenyewe, marahaba, kwa sauti nzito kama yako, na mbuzi wa Bibi akageuka kunitazama.

Leo ni siku ya tano tangu tukuzike. Naapa kukueleza yote yaliyotokea, hata ya aibu, hata yale ambayo Bibi amesema yasitoke nje ya ua. Wewe umeshatoka nje ya ua, kwa hiyo naona sijavunja amri.

Nianze na nguo.

Unajua desturi ya ukoo wetu: siku ya tatu baada ya mazishi wanawake hufua kila kitu kilichokuwamo katika nyumba ya msiba. Mashuka, mablanketi, kanga za waliolala matangani, na nguo za marehemu mwenyewe. Walifua vizuri, Shangazi. Walifua hata pazia la sebuleni ambalo wewe ulisema likifuliwa litafariki. Lakini kamba ya nyumbani ni ya hatua sita tu, tena mbuzi huitafuna. Ndipo mmoja wao akakumbuka ile kamba yako ndefu kwenye kibanda chako cha chai, kando ya uwanja wa ndege. Wakajitwika mabeseni, wakaenda wakaanika vyote huko. Hakuna aliyeniuliza. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nasonga ugali wa ulezi wa watu arobaini, na moshi umeniziba macho.

Wangejuaje? Siri ya kamba ile tuliijua wewe, mimi na marubani. Tangu ichanike soksi ya upepo, ule mfuko mrefu wa kitambaa mlingotini unaomwonyesha rubani upepo unakotoka, wewe uliigeuza kamba yako kuwa soksi. Shuka jeupe peke yake: tua. Kanga nyekundu: ng'ombe wa Shija wako uwanjani, zunguka kwanza. Blanketi la kijivu: tope, usijaribu, nenda Mbeya ukanywe chai ya huko. Na namna nguo inavyopepea, ndivyo upepo unavyovuma. Nguo zako za kuvaa ulizianika uani nyuma ya matete, kama mtu anayeficha pombe ya magendo, ili asije rubani akasoma gauni lako akaelewa vingine.

Sasa fikiria Jumanne ile. Mashuka kumi na saba, mablanketi tisa, na kanga ambazo sikuzihesabu. Kwa lugha ya kamba yetu uwanja wote ulikuwa ukisema: tua, usitue, kuna ng'ombe, kuna tope, tua tena, rudi ulikotoka.

Niliposikia ndege inazunguka mara ya kwanza nilidhani ni heshima kwa marehemu. Mara ya pili nikadhani ni heshima kubwa. Mara ya tatu niliacha mwiko ndani ya sufuria nikakimbia.

Nilifika nikaanza kuanua. Sikuanua kwa adabu, Shangazi, nakiri. Nilivuta nguo mbilimbili nikazibwaga kwenye majani yenye matope, nguo safi zilizofuliwa asubuhi nzima, na wanawake wa ukoo wakasimama na mabeseni yao vinywa wazi. Mama Mdogo alinishika kiuno akaanza kulia kwamba marehemu amenipanda kichwani. Wengine wawili wakaja kumsaidia. Niliburuta watu watatu hadi mwisho wa kamba. Mwishoni likabaki shuka moja jeupe, lile la Bibi lenye tundu katikati, na ndege ikatua katika mzunguko wa tano.

Wakashuka marubani wawili. Wa kwanza Kapteni Masatu, mzee wa ndege ya misheni, yule uliyesema alianza kuruka kabla mawingu hayajapangwa. Ndege yake inatengenezwa Mbeya, kwa hiyo aliomba lifti kwa yule wa pili, Kapteni Jafari, kijana wa Tanga anayerusha ndege ya wafanyabiashara tangu kila kitu kiwe ruksa. Walikuja kuhani msiba wako. Jafari alikuwa na rangi ya majivu.

Masatu ndiye aliyenieleza mambo ya huko juu. Jafari alipoiona kamba aliishika ile mikono ya usukani akasema, Kapteni, si tumeambiwa huyu mama amekufa? Sasa nani anatundika? Unakumbuka alivyoambiwa mambo ya uchawi wa Sumbawanga kabla hajaja, na ulivyomtania siku ya kwanza kwamba hapa wanaoruka bila mafuta hawaombi ruhusa ya kutua. Basi yote yalimrudia kwa pamoja. Alitaka kugeuza ndege. Masatu akaitazama kamba kwa muda, akamjibu:

"Ni yeye. Ndiyo maana amechanganya. Bado mgeni huko."

Nilicheka matangani, Shangazi. Nilicheka hadi nikafunika uso kwa kanga, na watu wakasema mtoto yule analia sana, alimpenda mno shangazi yake. Yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja.

Hayo ndiyo ya aibu. Sasa nakuja kwenye hatari.

Marubani wakakaa mkekani pamoja na wanaume, wakapewa chai. Na wewe ndiwe uliyewaharibu. Miaka yote hakuna rubani aliyepata chapati ya pili kwenye kibanda chako bila kueleza alipoogopa tangu safari iliyopita. Ulisema rubani anayedai hajawahi kuogopa apewe chai ya moto aondoke mapema, maana huyo hatazami chini. Basi wao waliamini hiyo ndiyo adabu ya nyumba yetu. Kama vile mtu anavyoleta unga au kuni msibani, wao walileta hofu.

Masatu alianza. Alisimulia siku alipokuwa akimtoa padri bondeni, Ziwa Rukwa, kumpandisha huku juu. Walipoukabili ule ukuta wa milima, Lyamba lya Mfipa, injini ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Maji yalikuwa yameingia kwenye mafuta. Padri hakuuliza swali lolote. Alitoa kichupa cha mafuta matakatifu, na kutokea kiti cha nyuma akaanza kumpaka Masatu mpako wa wagonjwa kwenye paji la uso. Mafuta yakatiririka machoni. Masatu akawa anarusha ndege isiyo na injini kuelekea kwenye jabali, huku amefumba macho, akipapasa swichi ya tangi la pili na kuitikia amina. Alipoipata, injini ikawaka. Hadi leo hawajapatana ni kipi kilichowaokoa, tangi au sakramenti, na kila wakikutana padri humwuliza kama amemshukuru Mungu, naye hujibu kwamba amemshukuru fundi.

Wanaume walijipiga mapaja kwa vicheko. Jafari akaona asishindwe. Akasimulia siku yake ya kwanza hapa, alipoiona kanga nyekundu ikipepea akafikiri kuna mama anamkaribisha mgeni. Alishuka moja kwa moja, akaona pembe. Alivuta pua ya ndege juu, akawaruka ng'ombe, akaichukua kamba yako nzima kwa gurudumu. Alikwenda kutua Namanyere akiwa na kanga yako inaning'inia chini, na watu wa sokoni waliisoma ilipowapita: Haraka yako si safari yangu. Alisema moyo wake ulisimama mara mbili siku ile, mara moja kwa ng'ombe, na mara ya pili uliposema huanzi kumpikia chai mpaka kanga irudi imefuliwa na kupigwa pasi. Aliirudisha imenyooka kama karatasi. Ninayo mimi sasa.

Halafu wakasimulia kwa pamoja ya asubuhi ile, nguo na mizunguko mitano, kila mmoja akimkatiza mwenziwe. Watu walifurahi sana. Mzee mmoja alisema hajawahi kwenda kwenye msiba mzuri kama huu.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni. Hawakumwona. Mimi nilimwona, nikaona akikiweka kikombe chini chai ikiwa bado imejaa, nikajua.

Kile kiti cha ndege, Shangazi. Kiti ulichoniombea kwa Jafari wiki mbili kabla ya kichomi kukuangusha. Umeondoka ukijua nimechaguliwa kwenda sekondari Tabora, msichana pekee kutoka shule yetu, na barua inasema asiyeripoti hadi Jumatatu nafasi yake atapewa mwingine. Njia ya Mpanda imekatika kwa mvua. Malori yamelala kwenye tope tangu Krismasi na madereva wameanza kupanda mboga kando yake. Kuzunguka kwa Mbeya ningefika wiki mbili zijazo. Jafari anakwenda Tabora kesho Ijumaa na kiti kipo tupu. Ulishaniambia nikunje magauni yangu.

Wageni walipoondoka Bibi alimwita Baba, akaniita na mimi. Hakupaza sauti.

"Skola haendi," alisema. "Nimezika mmoja kwenye udongo. Wa pili sitakwenda kumtafuta mawinguni."

Baba ni mtoto wake, akasema ndiyo, Mama. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa juu ya kinu. Sikumlaumu Bibi. Nilitaka kumlaumu lakini nilimkumbuka akiwa ameshika udongo wako mkononi bila kuutupa, mpaka Baba alipomfungua vidole kimoja kimoja.

Jana marubani walisikia walichofanya, wakaja kutengeneza. Ingekuwa heri wasingekuja. Walikaa mbele ya Bibi kama watoto wa kipaimara, wakaanza kumsimulia safari ambazo hakuna kilichotokea. Masatu alisema mwezi uliopita alitoka Mbeya, akafika Sumbawanga. Bibi akauliza, halafu? Masatu akasema, halafu nikashuka. Jafari naye akasema juzi alikwenda Kigoma na hali ya hewa ilikuwa nzuri mno, mwanzo hadi mwisho, ila tu ule mlango wa nyuma uli... Masatu akakohoa. Jafari akasema mlango ulikuwa mzuri pia.

Walitoa safari kumi na moja za namna hiyo. Baba alisinzia. Mwishoni Bibi akawauliza kwa upole kama safari nzuri ni nyingi hivi, kwa nini hawakuzisema siku ya kwanza. Masatu akajibu ukweli, kwamba safari nzuri hazikumbukwi, Mama. Bibi akasema, basi mimi nitakumbuka zile mlizokumbuka ninyi.

Nilifungua sanduku langu nikatoa magauni nikayarudisha kwenye msumari.

Sasa nakueleza ya leo, na ningependa ungekuwapo, maana najua ungekiangusha kibanda kwa kicheko.

Asubuhi Jafari alimpeleka mnunuzi wa samaki bondeni, akasema atarudi saa sita. Bibi alichukua fimbo yake akaniambia nimsindikize uwanjani. Alitaka kumwambia Jafari uso kwa uso kwamba kiti akipe gunia la samaki. Masatu alikuwa tayari ameketi kibandani kwako akisubiri, akamwamkia Bibi na kumwachia benchi lako. Bibi hakukaa. Alilitazama tu lile benchi, akaligusa, akasimama pembeni.

Saa sita kasoro nilisikia injini upande wa bonde. Na wakati huohuo wakaingia ng'ombe wa Shija, wote, taratibu, kama watu wanaofika kanisani wamechelewa. Wakasimama katikati ya uwanja. Shija mwenyewe alikuwa mbali, tunaona kofia yake tu.

Sikufikiri, Shangazi. Niliichomoa kanga nyekundu kibandani nikaitundika. Ndege ilikuwa imeshashuka sana, niliona magurudumu na kivuli chake kinakimbia kwenye majani. Bibi alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Halafu mngurumo ukapanda, ndege ikainua pua, ikatupita juu ikapinda kuelekea milima ya Mbizi.

Bibi akafungua vidole. "Kwa nini amegeuka?"

"Nimemwambia, Bibi."

"Umemwambia na nini?"

"Na kanga."

Aliitazama kanga, akaitazama ndege inavyozunguka kule mbali, ikisubiri. Masatu alinyamaza kabisa, na ndiyo busara kubwa aliyoifanya wiki hii. Bibi alikunja kanga yake kiunoni, akakamata fimbo, akaingia uwanjani. Umewahi kumwona Bibi akikimbia? Mimi nilikuwa sijawahi. Aliwatukana wale ng'ombe kwa Kifipa, maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua ya mtoto wa shule, akawatukana na mama zao, na dume moja kubwa lilimtazama Bibi, likafikiri kidogo, likatangulia kutoka. Aliporudi alikuwa anahema, na kitambaa cha kichwa kimelala sikioni.

"Mwambie sasa ashuke," alisema.

Nikatundika shuka jeupe. Akashuka. Alitua kama mtu anayeweka mtoto kitandani.

Jafari alitoka amelowa jasho, akaanza mara moja kueleza alivyoogopa alipoiona ile rangi nyekundu, na Masatu akamkanyaga mguu. Bibi akamwambia Masatu amwache kijana wa watu aseme. Akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Babu yake Skola nimeishi naye miaka thelathini, sikuweza kumgeuza hata kwenye njia ya kilabuni. Huyu amegeuka kwa kanga moja, tena ameshakaribia kufika." Akamtazama Jafari kuanzia viatu hadi nywele. "Mwanaume anayegeuka akiambiwa, huyo nitampa mtoto ampeleke shule."

Ndivyo alivyosema, na Baba alipoletewa habari aliomba zirudiwe mara mbili.

Lakini hakuishia hapo. Alikaa kwenye benchi lako, akaniamuru nimfundishe kamba. Nilipomweleza nyeupe, nyekundu na kijivu aliniuliza kwa nini ziwe tatu tu. Ameshaongeza ya nne. Kanga ya zambarau maana yake Bibi bado anakunywa uji, zungukeni. Jafari aliuliza watajuaje uji utaisha lini. Bibi akasema watajua nyeupe ikitundikwa. Masatu ameandika yote kwenye daftari lake la safari kwa heshima, kama taarifa ya serikali. Nadhani utakumbukwa vizuri sana hapo kibandani, Shangazi, hasa na wanaosubiri juu.

Jioni hii Bibi mwenyewe ameyatoa magauni yangu msumarini akayakunja. Alipofika kwenye sweta lako lile la mitumba, la kahawia, aliyelichagua ni yeye, si mimi, akaliweka juu kabisa kwa sababu amesikia huko juu kuna baridi. Halafu akakaa kitandani akalia. Ni mara ya kwanza tangu Jumamosi ya mazishi. Nilikaa naye. Alipomaliza aliniuliza kama wewe uliwahi kupanda ndege hata siku moja.

Nilimwambia hapana. Nilimweleza kwamba Masatu alikubembeleza mara nyingi, hata kukuzungusha mjini tu, na wewe ulimjibu, nikipanda mimi, nani atanitundikia shuka nikitaka kushuka? Bibi alicheka huku machozi yanatoka. Akasema ndivyo ulivyokuwa tangu mdogo, unafungulia wengine mlango, wewe unabaki kuushikilia.

Sikuwahi kulifikiri hivyo. Nilidhani ulikuwa unaogopa tu. Labda yote mawili.

Nakuaga sasa, Shangazi, maana mwanga unaisha na Baba anataka kufunga sanduku kwa kamba. Nakuahidi nitasoma hesabu kwa bidii, na fizikia pia, hata kama wasichana wa huko watasema ni somo la wavulana. Nakuahidi likizo nitarudi kumsaidia Bibi, na sitamwacha aongeze rangi ya tano. Nakuahidi sitamwambia mtu yeyote Tabora kwamba kabla ya kesho sikuwahi kupanda ndege. Lakini akiniuliza kwa ukweli, nitasema. Kaa kwa amani. Usichanganye mambo huko, sasa si mgeni tena.

Liko jambo moja tu nahitaji unijibu usiku huu. Jafari anapanga mizigo kwa uzito, anataka nichague leo kiti changu kiwe kushoto au kulia, na kesho hakuna kuhama. Nimemwuliza ni upande gani mtu anaweza kuyaona makaburi ya parokia ndege ikipanda. Amesema ikiondokea mashariki yatakuwa kushoto, ikiondokea magharibi yatakuwa kulia, na yeye hawezi kujua kabla hajaamka, maana ndege huondoka ikiukabili upepo. Masatu naye hajui. Bibi ameanza kazi leo. Aliyekuwa akijua ni mtu mmoja tu mji mzima.

Basi ni mimi mtoto wa kaka yako, Skolastika, ninayetaka kukuona mara moja zaidi nikiwa juu. Upepo wa kesho asubuhi, Shangazi, utatoka upande gani?